Njia ya Kurudi: Ardhi na Mpangilio wa Bodi katika Amplifaya ya Kujitengenezea

Mchoro wa saketi ya amplifaya inayojengwa kwa chipu ya LM3886 hutosha kwenye nusu ukurasa, na vipuri vyake, ukiacha transfoma, kapasita kubwa na bati la kupozea joto, huenea kwenye kiganja cha mkono. Chipu hiyo ilibuniwa na kampuni ya National Semiconductor ya Marekani, ambayo mwaka 2011 ilinunuliwa na Texas Instruments. Ina miguu 11, na inapolishwa volti 28 chanya na volti 28 hasi hutoa wati 38 kwenye spika ya omu 8 au wati 68 kwenye spika ya omu 4. Hata hivyo, mafundi wawili wanaoufuata mchoro mmoja na kutumia vipuri vya aina ileile wanaweza kuishia na vyombo viwili visivyofanana hata kidogo, kimoja kikiwa kimya hadi sikio linapogusa spika, na kingine kikivuma tangu kinapowashwa na kukwaruza kila muziki unapopanda. Kinachowatofautisha hakimo katika mchoro, kwa kuwa ni urefu, upana na mfuatano wa njia za shaba, hususan zile zinazorudisha mkondo ulikotoka.

Katika mchoro, kila sehemu inayopaswa kuwa kwenye volti sifuri huwekewa alama ya ardhi, yaani vistari vitatu vinavyopungua urefu kuelekea chini, na msomaji hukubali bila kuuliza kwamba alama hizo zote ni sehemu moja. Dhana hiyo humrahisishia hesabu mbunifu, lakini haina ukweli kwenye bodi. Kila njia ya shaba ina ukinzani, hata ukiwa mdogo namna gani, na kwa mujibu wa kanuni iliyochapishwa na Georg Ohm mwaka 1827, mkondo unaopita kwenye ukinzani huacha tofauti ya volti kati ya mwanzo na mwisho wa njia. Tabaka la shaba la bodi za kawaida lina unene wa mikromita 35, na kwa unene huo kila mraba wa shaba una ukinzani wa takriban nusu miliomu, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya omu, uwe mraba wa milimita moja au wa sentimita moja, kwa sababu kinachoongezwa na urefu hupunguzwa na upana. Njia yenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 100 ni sawa na miraba 50 iliyopangwa foleni, na ukinzani wake ni karibu miliomu 25. Hesabu hii ya miraba huhitaji rula na penseli tu, na kati ya zana zote za mtengeneza amplifaya pengine ndiyo inayotumika kwa nadra zaidi ikilinganishwa na manufaa yake.

Miliomu 25 huonekana si kitu mpaka ijulikane ni mikondo ipi inayopita hapo. Ishara inayotoka kwenye simu au kicheza muziki, yenye volti 1 na kuingia kwenye ukinzani wa omu 20,000, huendesha mkondo wa mikroampea 50 pekee. Mkondo wa spika ya omu 8 inayopokea wati 38 hufikia kilele cha ampea 3, yaani mara 60,000 ya ule wa ishara. Mikondo hii miwili hukutana kwenye ardhi, kwa kuwa kila mmoja lazima ukamilishe mzunguko wake, na ikishirikishwa njia moja ya shaba hutokea yale yanayozipata nyumba zinazochota kwenye bomba moja jembamba, ambapo anayefungulia maji kwa nguvu humpunguzia jirani shinikizo bila hata kumwona. Amplifaya haina namna ya kutambua kwamba milivolti kadhaa zilizojitokeza kwenye ardhi yake ya kuingilia zimetoka kwenye spika. Huzihesabu kuwa sehemu ya ishara, na huzikuza pamoja nayo.

Mkorofi mkubwa kuliko wote, lakini, si spika. Umeme wa gridi ni mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara kwa mara kwa masafa ya hezi 50, na katika amplifaya hushushwa na transfoma, hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu na daraja la diodi nne, kisha huhifadhiwa na kapasita kubwa, mara nyingi za mikrofaradi 10,000 kila upande. Diodi hazipitishi umeme muda wote; hupitisha kwa kitambo kifupi tu karibu na kilele cha kila nusu wimbi, pale volti ya transfoma inapoizidi ile iliyomo kwenye kapasita, na katika kitambo hicho umeme wote uliotumika tangu kilele kilichotangulia hurudishwa kwa mkupuo. Matokeo yake ni kwamba amplifaya inayotumia wastani wa ampea 1 huchajiwa kwa mapigo yanayofika ampea kadhaa, mara 100 kwa sekunde. Hata pasipo muziki, chipu mbili za LM3886, moja kwa kila upande wa stereo, hutumia pamoja karibu miliampea 100, kiasi kinachotosha kuzaa mapigo ya ampea 1 hivi. Pigo hilo likipita kwenye kipande cha ardhi chenye miraba 10 tu, yaani miliomu 5, huacha milivolti 5. Na ikiwa ardhi ya ishara imeungwa upande wa pili wa kipande hicho, amplifaya inayokuza mara 20 huzigeuza milivolti 5 kuwa milivolti 100 kwenye spika. Mvumo wake hauna ulaini wa sauti nzito, kwani mapigo makali ya aina hiyo hubeba pia masafa ya hezi 200, 300, 400 na kuendelea, nayo masikio huyanasa kwa wepesi zaidi kuliko hezi 50 zenyewe.

Dawa yake ni ya kijiometri na haigharimu chochote. Waya wa katikati wa transfoma, daraja la diodi na kapasita mbili kubwa huunda kitanzi cha kuchajia, na kitanzi hicho kinapaswa kuwa kifupi, kinene na kilichofungika chenyewe, pasiwe na kitu kingine chochote kinachoazima sehemu ya shaba yake. Kapasita ya volti chanya na ile ya volti hasi huwekwa bega kwa bega, ardhi zake zikiunganishwa kwa kipande kipana cha shaba ambacho pia hupokea waya wa transfoma. Kisha kutoka katikati ya kipande hicho huchomoza tawi moja, na mwisho wa tawi hilo ndio unaotangazwa kuwa sifuri ya amplifaya nzima. Kwa kuwa mapigo ya kuchaji hayapiti kwenye tawi hilo, hakuna volti yake inayoonekana mwishoni. Mahali panapokosewa zaidi ni hapa hasa, pale fundi anapoifanya nyota yake, yaani sehemu moja zinapokutanishwa ardhi zote, iwe kwenye mguu wa kapasita wenyewe au, vibaya zaidi, kati ya kapasita na transfoma. Kwa macho nyota hiyo hupendeza, ila tayari ina mapigo ndani yake.

Kwenye nyota iliyokaa vizuri, kila mkondo hurudi kwa njia yake: ardhi ya spika peke yake, ardhi ya kapasita za chipu peke yake, na ardhi ya ishara peke yake, ikijumuisha soketi ya kuingilia, rizista inayoikinga na rizista ya chini ya mrejesho hasi, yaani ule utaratibu ambao sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa kwenye ingizo ili kusahihisha makosa. Hizi tatu za mwisho lazima zishike sehemu moja, kwa kuwa chipu hulinganisha kinachoingia na kinachorejeshwa, na volti yoyote inayojitokeza kati ya ardhi ya kimoja na ardhi ya kingine hugeuka kuwa ishara mpya. Maelezo ya kiwandani ya LM3886 yenyewe yana sehemu nzima inayoonya dhidi ya kurudisha mkondo wa spika na ardhi ya ishara kwa waya mmoja, na yanataja kwamba mbali na upotoshaji wa sauti, kosa hilo linaweza kuifanya chipu ianze kutetema yenyewe kwa masafa yasiyosikika.

Nyota hiyo, hata hivyo, imegeuzwa na wengi kuwa imani, na imani hiyo ina gharama yake. Waya hauna ukinzani tu, bali una pia indaktansi, yaani ukaidi wa kupinga mabadiliko ya mkondo, ambao huongezeka kadiri mkondo unavyobadilika kwa kasi. Kwa makadirio yanayotosha kazi hii, kila milimita ya waya huwa na nanohenri 1. Waya wa milimita 100 hauzuii chochote cha maana kwa masafa ya hezi 100, lakini kwa megahezi 1 upinzani wake hufika karibu omu 0.6, na chipu yenye nguvu kama hii bado ina uwezo wa kukuza katika masafa hayo. Ndiyo sababu kapasita ndogo za mikrofaradi 0.1 zinazosafisha umeme wa chipu haziwezi kuvumilia waya mrefu kwa kisingizio cha kufika kwenye nyota. Mahali pake ni milimita chache kutoka kwenye miguu ya umeme, zikifuatiwa na kapasita za mikrofaradi 10 na zile za 470 au zaidi, na ardhi ya kundi hilo hukutana kwanza hapohapo kwenye bodi ndipo njia moja nene iipeleke kwenye nyota. Hapo kila bodi huwa na nyota yake ndogo, na anayeng'ang'ania kwamba kila mguu upelekewe waya wake wa sentimita 20 hadi kwenye nyota kuu huondoa mvumo na kukaribisha mtetemo.

Kuna aina ya uharibifu ambayo haivumi wala haisikiki amplifaya inapokuwa kimya, na kwa sababu hiyo huishi miaka mingi ndani ya vyombo vinavyosifiwa. LM3886 ni ya daraja la AB, mfumo ambao transista moja ya mwisho hushughulikia nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye njia ya volti chanya ni nusu wimbi lililokatwa, na unaopita kwenye njia ya volti hasi ni ile nusu iliyobaki. Mkondo wa spika ni picha ya muziki wenyewe, na volti unayoiacha kwenye ardhi hubadilisha zaidi kiwango cha ukuzaji kuliko umbo la sauti. Nusu wimbi ni jambo tofauti: noti ya hezi 1,000 ikikatwa hivyo huzaa hezi 2,000, 4,000 na 6,000 ambazo mpigaji hakuzipiga. Nusu mawimbi yenye kilele cha ampea 1 yakirudi kupitia miliomu 5 za ardhi ya ishara huacha milivolti 5, ambazo zikikuzwa mara 20 huwa volti 0.1, karibu sehemu ya tano ya hiyo ni masafa ya mara mbili, na kando ya sauti ya volti 20 ni upotoshaji wa asilimia 0.1. Kiwanda kinaitangaza chipu hiyo kwa asilimia 0.03. Kipande cha shaba chenye urefu wa sentimita 2 na upana wa milimita 2, kikiwa mahali pasipofaa, kimeshaishusha daraja mara tatu.

Nusu mawimbi hayo hayahitaji hata kugusana na ardhi ya ishara ili yaiharibu. Mkondo wowote huzungukwa na uga sumaku, na uga unaobadilika huzaa volti katika kitanzi chochote kilicho karibu, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Mwaka 1981 Edward Cherry wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alieleza katika jarida la wahandisi wa sauti jinsi nyaya za umeme za amplifaya zinavyopenyeza upotoshaji kwa njia hiyo, na mhandisi Mwingereza Douglas Self aliuingiza uharibifu huo katika orodha ya vyanzo vya upotoshaji aliyoieneza kupitia kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu ubunifu wa amplifaya. Tiba iliyopatikana ni ya kifundi kabisa: waya wa volti chanya, wa volti hasi na wa ardhi husokotwa pamoja, au njia zake kwenye bodi hubanwa kandokando, ili nusu mbili zijumuike na uga wake ukaribie kuwa wimbi kamili, na nyaya za ishara, nazo zikiwa zimesokotwa na ardhi yake, huwekwa mbali au huvushwa kwa kukata mraba. Njia ya mrejesho hasi nayo huchukuliwa pale hasa sauti kamili inapotoka, baada ya nusu mbili kuungana, wala si kutoka sehemu yoyote iliyo rahisi kufikiwa.

Mafundi wengi hutumia jioni nzima kuizungusha transfoma ndani ya kasha wakitafuta pembe yenye mvumo mdogo, na hapa tarakimu husaidia kupanga vipaumbele. Kitanzi cha ishara chenye ukubwa wa sentimita 10 kwa 10, kikiwa kwenye uga wa mikrotesla 100 karibu na transfoma, hunasa karibu milivolti 0.3 kwa hezi 50, nazo hufika kwenye spika zikiwa milivolti 6. Hizo zimo kwenye mpaka wa kusikika, ilhali kosa la kitanzi cha kuchajia lililokokotolewa awali lilileta milivolti 100. Transfoma ya duara huvujisha kidogo kuliko ile ya bati zenye umbo la E na I, na kuizungusha si kazi bure, ila ni kazi ya kufanywa mwisho.

Kuhusu bodi yenyewe, bodi za njia za shaba zina historia inayoanzia kwenye redio, kwani Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, alitengeneza redio yenye saketi ya namna hiyo mwaka 1936. Anayechora leo kwa programu huria kama KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa, hukutana na kishawishi ambacho Eisler hakuwa nacho: kitufe kimoja kinachojaza shaba ya ardhi kila pembe iliyo wazi. Shaba hiyo hupunguza ukinzani na huzuia mawimbi ya redio, lakini haitenganishi mikondo. Katika masafa ya juu mkondo wa kurudi hujikusanya chini ya njia ya kwenda, ambako indaktansi ni ndogo. Katika hezi 100 hutawanyika kote kwa kufuata ukinzani, ukipita pia chini ya soketi ya ishara iwapo soketi hiyo imewekwa kati ya umeme na spika. Kwa hiyo mpangilio wa vipuri ndio unaoamua: umeme na spika ukingo mmoja, ishara ukingo wa pili, chipu katikati. Mwenye bodi ya upande mmoja, aliyoichora kwa wino na kuila kwa kloridi ya chuma, haonewi sana, kwa sababu uhaba wa nafasi humlazimisha kuamua kila mkondo upite wapi, na bodi yake ikifikiriwa vizuri huishinda ya tabaka mbili iliyojazwa shaba kwa kitufe.

Hadi hapa ardhi imekuwa sifuri ya ndani. Ardhi ya usalama ni jambo jingine: ni waya unaounganisha kasha la chuma na pini ya tatu ya plagi, ile pini ndefu ya plagi za mtindo wa Uingereza zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda, ili waya wa umeme wa volti 230 au 240 ukigusa kasha mkondo mkubwa upite na fyuzi ikatike kabla mtu hajashika. Waya huo hufungwa kwa boliti yake peke yake, karibu na mahali umeme unapoingilia. Mvumo huzuka pale amplifaya na chombo kingine, kwa mfano kompyuta, vinapokuwa vyote na ardhi ya usalama na pia vimeunganishwa kwa waya wa ishara, kwani hapo hufungika kitanzi kikubwa kinachopita ukutani. Desturi ya kukata pini ya tatu ili mvumo utoweke ni ya hatari na haifai kutetewa kwa hoja yoyote. Huondoa mvumo na kinga kwa pamoja. Njia salama ni kuliacha kasha kwenye ardhi ya usalama moja kwa moja, kisha kuunganisha nyota na kasha kupitia rizista ya omu 10 iliyoambatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1 na daraja la diodi la ampea 35, ambapo rizista huudhoofisha mkondo mdogo wa kitanzi, na diodi hufunguka mara moja hitilafu kubwa inapotokea. Kitanzi cha namna hiyo huweza kujificha hata ndani ya kasha moja, kwa kuwa pande mbili za stereo zenye umeme wa pamoja hukutanishwa ardhi zake kwenye nyota na tena kwenye chombo cha kuchezea. Rizista ya omu 10 kati ya ardhi ya ishara ya kila upande na nyota huifanya volti ya kitanzi iangukie kwenye rizista badala ya kwenye ganda la waya wa ishara.

Chombo kikishavuma, sauti yake hutoa dalili ya kuanzia. Mvumo mlaini wa hezi 50 huelekeza kwenye uga wa transfoma au kitanzi cha nje. Mvumo mkali wa hezi 100, wenye ukwaruzo, huelekeza kwenye mapigo ya kuchaji. Umeme ukiwa umezimwa, soketi ya kuingilia hufungwa kwa kipande kifupi cha waya kati ya ishara na ardhi yake, kisha amplifaya huwashwa: mvumo ukitoweka, unatoka nje, na kama umebaki, umo ndani. Hatua inayofuata ni kuiweka mita kwenye milivolti za mkondo geu na kupima kati ya ardhi ya soketi na nyota, kisha kati ya nyota na mguu wa ardhi wa kila kapasita kubwa, huku muziki ukipigwa kwenye rizista nene ya omu 8 badala ya spika. Kipande kinachoonyesha milivolti nyingi kuliko vingine ndicho kinachopitisha mkondo usio wake, nacho hukatwa kwa kisu chenye ncha, na mkondo huo hupewa waya wake wa kulehemu hadi kwenye nyota, au hadi kwenye kapasita ikiwa ni wa kuchaji.